Mama aliyeruhusiwa kurudi nyumbani: Daktari Greene wa ER alikosea wapi?

Mwana wa Kibokoni ameuliza:

Masalkheri nyote.

Juma lililopita, baada ya sala ya isha, niliketi na mama yangu sebuleni tukatazama sehemu ya 19 ya msimu wa kwanza wa ER, tamthilia ya Marekani inayohusu idara ya dharura ya hospitali moja ya umma mjini Chicago. Mama amepita miaka sabini na hana subira na tamthilia za watu kupigiana makelele, lakini hii ameifuata tangu mwanzo kwa ajili ya Daktari Mark Greene, ambaye husema ana uso wa mtu aliyelelewa na nyanya yake. Kiingereza cha mama si kingi. Mimi humtafsiria, na mara nyingine yeye ndiye hunitafsiria mimi, kwa kuwa huwa amekwisha kuzisoma nyuso za watu kabla maneno hayajawatoka.

Kwa asiyeiona, sehemu hiyo ilionyeshwa Marekani kwa mara ya kwanza tarehe 9 Machi 1995. Mwanamke aitwaye Jodi, mwenye mimba pevu, anafika pamoja na mumewe, Sean, akilalamika kwamba mkojo unambana kila mara. Ni watu wachangamfu, wanaotaniana, na mtazamaji huwapenda papo hapo. Greene anampima, anasema ni maambukizi ya kibofu, anamwandikia dawa na kumruhusu aende zake. Muda si mrefu mwanamke huyo anashikwa na kifafa na kurejeshwa mbio. Kutoka hapo mambo yanaharibika hatua kwa hatua. Daktari wa uzazi anaitwa na hafiki kwa wakati, Greene anaamua kumzalisha mwenyewe, mtoto anakwama mabega, na mwishowe mama anapasuliwa pale pale katika idara ya dharura. Mtoto anaokolewa. Mama anafariki.

Mwanamke alipoanza kutetemeka, mama yangu aliacha kuzungumza. Walipoanza kumbonyeza kifua, alisema neno moja tu, "Zima," nami nikazima. Alikunja leso yake mara nne, akaiweka begani, akaenda chumbani kwake. Nilimalizia peke yangu usiku ule huku nimepunguza sauti, na tangu hapo nimekuwa nikibishana na nafsi yangu.

Maswali yangu ni mawili, na ningefurahi kama mwenye ujuzi wa tiba au wa utunzi angenijibu. La kwanza, kosa la Greene lilikuwa wapi hasa: pale alipomruhusu mgonjwa aondoke, pale alipoamua kuendelea bila mwenye fani, au hakukuwa na kosa bali msiba tu? La pili, kwa nini waandishi, baada ya kutusikilizisha kila kilio na kila amri kwa karibu saa nzima, wametunyima maneno ambayo Greene alimwambia mume? Sean ameketi na mtoto mchanga mikononi, Greene anaingia, nasi tunatazama kupitia kioo bila kusikia neno. Kisha tunaonyeshwa Greene akilia ndani ya garimoshi akienda kwake. Sijui kama huo ni ufundi au ni kukwepa.

Nahodha Mstaafu amejibu:

Mwanangu, nimeyasoma maelezo yako mara mbili. Ajali haina kinga, na siku ya mtu ikifika haiongezwi hata dakika. Nimekaa baharini miaka thelathini, nimeona chombo kizima kikizama maji yakiwa shwari, na kingine kibovu, kinachochotewa maji tangu kung'oa nanga mpaka kutia, kikifika Lamu salama. Kumtafutia kosa mtu aliyehangaika namna ile mimi sioni faida yake. Kuhusu kioo, nadhani waliona haya, na walifanya vyema. Maneno ya msiba si ya kusikilizwa na wapita njia.

Mkunga wa Mtongwe amejibu:

Nahodha, heshima yako nakupa, lakini kifafa cha mimba si ajali. Ni ugonjwa unaobisha hodi kabla ya kuingia, na sisi wakunga tunalipwa mshahara ili tuisikie hodi hiyo. Nimezalisha kwa miaka 31, mingi kati ya hiyo nikiwa ng'ambo ya Likoni. Sehemu hiyo niliiona zamani, kwenye kanda ya video aliyotuletea daktari mmoja aliyekuwa mafunzoni. Tuliitazama wakunga sita katika chumba cha chai, na hakuna aliyemaliza chai yake.

Watu wengi hukumbuka upasuaji na damu. Mimi nakumbuka mwanzo, wakati bado watu wanacheka. Mwanamke wa mimba pevu kubanwa na mkojo ni jambo la kila siku, kwa maana kichwa cha mtoto kimekalia kibofu, na maambukizi ya mkojo nayo ni ya kila siku. Ugumu ni kwamba protini katika mkojo inaweza kuletwa na maambukizi hayo, na inaweza vilevile kuletwa na presha ya mimba, ambayo ndiyo hodi yenyewe ya kifafa, kwa hiyo jibu la kwanza linalomjia daktari linalifunika la pili. Siuiti huo uzembe. Mtu akishapata jibu linalotosha huacha kuuliza, hasa foleni ikiwa imefika mlangoni.

Kipimo chenyewe hakina ajabu. Baada ya wiki ya 20, presha ikifika 140 kwa 90 na mkojo una protini, mhesabu mgonjwa huyo kuwa ana presha ya mimba mpaka uthibitishe vinginevyo. Ukiona pia kichwa kinamuuma bila kukoma, anaona vimulimuli, uso na vidole vimevimba, au ana maumivu chini ya chembe cha moyo upande wa kulia, basi huyo haendi nyumbani, hata akikulilia kwamba ameacha watoto na jirani. Katika kliniki yetu nilikuwa na desturi ya kuwaomba kina mama wavue pete. Isiyovuka kifundo cha kidole leo, na juma lililopita ilivuka, ilikuwa inanifanya nimpime presha mara ya pili. Wapo walionishuku kwamba nataka kuwaibia.

Kuna jambo ambalo vijana hawalijui. Ilikuwa mwaka huo huo wa 1995, miezi michache baada ya sehemu hiyo kuonyeshwa, ulipochapishwa utafiti mkubwa wa nchi kadhaa uliothibitisha kwamba magnesiamu salfeti huzuia kifafa kurudi vizuri zaidi kuliko diazepamu. Mwingine ukafuata mwaka 2002, wa wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ukaonyesha kwamba ikitolewa mapema, kabla ya degedege lolote, hupunguza hatari ya kifafa kwa zaidi ya nusu. Sisi huku tulikuwa tukitegemea diazepamu, ambayo humlaza mgonjwa fofofo hata usijue kama amelala au amezimia. Magnesiamu ilipotufikia tuliiogopa, kwa sababu ikizidi hukata pumzi. Kabla ya kila sindano ulitakiwa kugonga chini ya goti kwa ukingo wa kiganja uone kama mguu unaruka, uhesabu pumzi za dakika nzima, kisha uutazame mfuko wa mkojo kama unajaa. Mgonjwa hukwambia anahisi amemwagiwa maji ya moto mwili mzima, nawe humwambia kwamba hiyo ni dawa, asiogope. Lakini magnesiamu haiuondoi ugonjwa. Ugonjwa hukoma baada ya kuzaa, na wakati mwingine hata kuzaa hakuukomeshi mara moja.

Kuhusu mabega: kichwa hutoka, kisha kikajirudisha kama cha kobe. Hapo unayakunja mapaja ya mama mpaka yaguse tumbo, mwenzako anabonyeza juu kidogo ya kinena, wala si juu ya tumbo, na shingo ya mtoto huivuti. Mara nyingi hilo peke yake hutosha. Kukirudisha kichwa ndani na kwenda kupasua, kama alivyofanya Greene, ni hatua ya mwisho kabisa. Katika miaka yangu yote sikuifanya wala sikuiona ikifanywa, kwa hiyo sitamhukumu mtu kwa jambo ambalo mikono yangu haijalijua. Damu kutokatika nako si ajabu, kwa sababu ugonjwa huu unaweza kulibandua kondo kabla ya wakati wake na kuiharibu damu yenyewe isigande.

Sasa nakujibu, Mwana wa Kibokoni. Kosa la kwanza lingeweza kumpata yeyote kati yetu, na limewapata wengi walio bora kuliko mimi. La pili ni zito zaidi. Alipokwisha kujua kwamba hiki ni kifafa cha mimba, aliendelea kuamini kwamba mikono yake itatosha, na kila saa iliyopita ilimzidishia ugumu wa kukiri kwamba haitoshi. Ni kweli alimwita daktari wa uzazi, ila kumwita mtu ni jambo moja na kumkabidhi mgonjwa ni jambo jingine.

Mimi hilo nilifundishwa na maji. Wakati wetu, ukiwa Mtongwe, na mgonjwa wako ilikuwa lazima avuke kivuko cha Likoni ndipo afike hospitali kuu ya Makadara, hukuweza kungoja uone mambo yataishia wapi. Gari la wagonjwa lilipewa njia, lakini feri ikiwa ng'ambo ya pili ilikuwa ng'ambo ya pili, na uliisubiri pamoja na wauza korosho. Kwa hiyo tulijifunza kukata tamaa mapema, na huko kukata tamaa mapema kumewaponya wengi. Greene alikuwa na vyumba vya upasuaji ghorofa za juu yake. Naamini ukaribu huo ndio uliomponza.

Mpenda Tamthilia, Nyali, amejibu:

Bi Mkunga amemaliza upande wa tiba, kwa hiyo nitasema juu ya utunzi tu.

Aliyeiandika sehemu hiyo, Lance Gentile, alikuwa daktari wa dharura, na aliyeiongoza ni mwanamke aitwaye Mimi Leder, nao wote wawili walipata tuzo ya Emmy mwaka 1995 kwa kazi hiyo. Ujuzi wa mwandishi unaonekana katika namna alivyoupanga msiba. Kwa kawaida ER humrusha mtazamaji kutoka kitanda hiki hadi kile, huyu amevunjika mguu, yule amelewa, na ukichoka na mmoja umeshapewa mwingine. Hapa mlango huo unafungwa taratibu, wagonjwa wengine wanafifia, mpaka tunabaki na mwanamke mmoja na hatuna pa kukimbilia. Mama yako alipokwambia uzime, alikuwa amelitafuta dirisha akalikosa.

Lakini nina lawama, na nimekuwa nayo kwa miaka. Sehemu inamfuata daktari hadi ndani ya garimoshi na kutuonyesha machozi yake, ilhali haimfuati mume hadi kwenye kitanda ambacho upande mmoja umebaki mtupu. Jodi amekufa ili Greene apate kuwa mtu mzito zaidi machoni petu. Hata kile kioo ulichokiuliza nakisoma hivyo. Kinatuweka upande gani? Kinatuweka kwenye ujia, pamoja na wahudumu, watu ambao kesho watarudi kazini. Mume yuko ndani na maneno yako ndani. Sisi tumepewa nafasi ya kumhurumia mtu kwa mbali bila kulazimika kumsikia, na hilo kwangu ni kukwepa kulikofanywa kwa ustadi mkubwa.

Sisemi kwamba daktari hana haki ya kulia. Nasema kwamba nimehesabu tamthilia za hospitali nilizozitazama, za kwao na za kwetu, na karibu zote machozi ya mwisho ni ya mwenye koti jeupe.

Baba Salma wa Kisauni amejibu:

Dada wa Nyali, nimekuwa nikisoma hapa kwa miaka miwili bila kuandika, na sikudhani kwamba kitakachonifanya niandike ni kioo.

Mke wangu alijifungua salama mwaka 2011, mtoto wa kike, na siku ya pili tukarudi nyumbani. Siku ya tatu aliamka na kichwa kinamuuma. Tulidhani ni kukosa usingizi, na mama mkwe akamfunga leso kichwani, akaikaza sana kama wanavyofanya. Baada ya adhuhuri alikuwa amekaa mkekani akinyonyesha, nami nilikuwa nimeketi mlangoni namenya chungwa, nikamwona ameinua macho kwenye kona ya dari kama aliyeitwa na mtu. Nilimuuliza anatazama nini. Taya lake likakaza, mkono ukaanza kuruka, na mama mkwe akamdaka mtoto kabla hajaanguka. Sikujua kabisa kwamba kifafa cha mimba kinaweza kuja wakati mimba haipo tena.

Nyumba ilijaa watu. Mmoja alisema ni jini aliyeingia kwa sababu mzazi alitoka nje magharibi, mwingine akaenda kumwita mzee wetu, naye akaja na sahani na zafarani, akaanza kuandika kombe, yale maandishi ya dua yanayooshwa kwa maji mgonjwa akayanywa. Sidharau jambo hilo. Yule mzee alikuwa akitusaidia kwa kile alichokuwa nacho, na mkono wake ulikuwa umetulia kuliko wa mtu yeyote mle ndani. Aliyetutoa ni jirani yetu mwenye tuktuk, kijana asiye na maneno mengi, ambaye aliingia na viatu vyake hadi mkekani, akamshika mke wangu makwapani na kusema, "Kombe atakunywa akirudi."

Hospitalini nilizuiwa mlangoni. Mlango ulikuwa na kijidirisha cha kioo, na nilisimama hapo kwa muda ambao siwezi kuupima. Kisha muuguzi mmoja akatoka akasimama mbele yangu, akazungumza nami uso kwa uso, karibu kabisa, na hapakuwa na kioo tena baina yetu. Niliona midomo yake inakwenda. Nakumbuka kalamu ya buluu iliyokuwa imevuja katika mfuko wa sare yake, doa kubwa kama sarafu ya shilingi ishirini, na nakumbuka nikiwaza kwamba lile doa halitatoka kwa sabuni ya kawaida. Alichosema sikukisikia. Ilibidi shemeji yangu anieleze baadaye, tukiwa nje: alikuwa akiniambia kwamba mke wangu yu hai, degedege limekoma, na wanamtia dawa kwenye mshipa.

Habari ilikuwa njema nami sikuisikia. Kwa hiyo unaposema kwamba kioo kile kinatuweka kwenye ujia pamoja na wahudumu, nakuelewa, lakini mimi nilipokitazama nilikaa kwenye kiti cha Sean. Kwa huyo mume hapakuwa na sauti. Wangetuwekea maneno pale, wangekuwa wamesema uongo.

Mke wangu alilazwa siku tisa. Kombe lilihifadhiwa katika chupa ya soda, naye alilinywa aliporudi, kwa kuwa ahadi ni ahadi.

Mpenda Tamthilia, Nyali, amejibu:

Baba Salma, ahsante. Lawama yangu kuhusu garimoshi bado ninayo. Ya kioo nimeiondoa.

Mkunga wa Mtongwe amejibu:

Baba Salma, Mungu akutunzie hao wawili. Wasomaji wengine walishike hilo la siku ya tatu, kwa maana hatari haikatiki na kitovu. Siku mbili tatu za mwanzo baada ya kuzaa ndizo tunazoziogopa zaidi, lakini kifafa kinaweza kuja hata wiki kadhaa baadaye, na mzazi mwenye kichwa kisichopoa hafungwi leso tu, hupelekwa kupimwa presha siku hiyo hiyo. Na mwambie mkeo, kama bado hajaambiwa, kwamba aliyewahi kupata ugonjwa huu aendelee kupimwa presha hata uzeeni, kwa sababu moyo na mishipa yake hubaki na kumbukumbu.

Binti wa Nyali, kuhusu machozi ya wenye koti jeupe, ngoja nikupe picha ambayo tamthilia haikuionyesha. Katika wodi niliyofanyia kazi palikuwa na chumba cha kuoshea mabeseni, na mtu akitaka kulia alikwenda huko akafungua bomba lote, maji yakapiga kwenye zinki ili asisikike. Sote tuliijua sauti ya bomba hilo. Aliyekuwa zamu alimwachia mwenzake dakika tano, kisha akagonga mlango na kumwambia kwamba kitanda namba fulani uchungu umeanza. Takwimu za kitaifa za Kenya za mwaka 2014 zilitaja vifo vya wazazi 362 kwa kila vizazi hai 100,000, na kila nisomapo namba hiyo mimi husikia maji. Mume hatukumpelekea machozi hayo hata siku moja, kwa sababu tuliona yeye anayo yake.

Mwana wa Kibokoni amejibu:

Nawashukuru nyote. Nimechelewa kurudi kwa sababu majibu haya niliyasoma kwa sauti, nikimsomea mama, na tulikwama katikati ya jibu la kwanza la Bi Mkunga.

Nilipofika kwenye habari ya pete aliinua mkono nisimame. Akaniambia kwamba pete ya mdogo wake ilibidi itolewe kwa uzi na sabuni, na kwamba walicheka sana siku hiyo, wakamwambia amenenepa kwa raha za mumewe. Hiyo ilikuwa mwaka 1986, katika nyumba hii hii tunayoishi. Siku nne baadaye uchungu ulianza usiku, na kabla ya alfajiri degedege likamshika. Mama ndiye aliyemkalia miguu ili asijiumize. Hakuna aliyesema kifafa cha mimba. Waliokuwapo walisema ni pepo na wakabishana ni wa bara au wa pwani, mpaka kulipopambazuka na usafiri ukapatikana. Mtoto, wa kike, aliishi.

Mimi nilikuwa na miezi minne. Mama alikuwa na maziwa, na mtoto yule aliwekwa kwenye ziwa la pili siku ile ile, kabla maiti haijaoshwa. Kwa kanuni za dini nimelijua jambo hilo maisha yangu yote: yule ni dada yangu, tumenyonya ziwa moja, hatuoani, na haniiti binamu hata kwa utani. Nililijua kama mtu anavyoijua mipaka ya kiwanja. Hadithi yenyewe sikuwahi kusimuliwa hadi juzi, na sikuthubutu kuuliza kama siku ile alipata wakati wa kulia.

Jana usiku aliniomba nimwekee ule mwisho ambao hakuuona. Nilimwambia si lazima. Akaniambia niweke. Tuliutazama mwanzo hadi mwisho, yeye akiwa amekaa mbele zaidi kuliko kawaida yake, leso mapajani. Kwenye kioo hakuniuliza wanasema nini. Ilipofika garimoshi niligundua kwamba hamtazami Greene tena, ingawa ni yule yule mwenye uso wa kulelewa na nyanya.

Majina ya waigizaji yalipoanza kupita aliniuliza, "Sasa yule mtoto atanyonyeshwa na nani?"

Nikamjibu kwamba huko watampa maziwa ya kopo.

"Ya kopo," akasema, na akabaki ameikazia macho runinga hata nilipokwisha kuizima.